Pombe Yangu Ndani ya Kuta za Wabudha

Kwanza niliweke wazi hili: nilikuwa mpika pombe, tena hodari, na anayetaka kukunja pua aikunje. Kijijini kwetu, kati ya Tarime mjini na Nkende, mtu aliyesahau siku ya juma alinusa upepo uliotoka uani kwangu akakumbuka. Mume wangu alikuwa amekwenda Nyambureti kuoa mke wa pili, akasahau njia ya kurudi. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaloweka ulezi.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila kitu kina kamati. Choo kilikuwa na kamati, kisima kilikuwa na kamati, na kuku waliokuwa bado hawajanunuliwa walikuwa na kamati yenye katibu na mweka hazina. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati kubwa, ile ya maendeleo ya kijiji, na nilichaguliwa kwa sababu moja tu: nilikwenda mkutanoni na kiti changu mwenyewe. Mwenyekiti alininyooshea kidole akasema mnamwona mama huyu anavyojitegemea, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo nikawa kiongozi.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa semina. Akienda Musoma siku tatu, alirudi na maneno ya kututosha miezi mitatu. Kitu alichokipenda kuliko wanawe ni ile amri ya kutokunywa pombe kabla ya saa kumi jioni. Saa za kazi ni za kazi. Alikuwa na saa kubwa ya mkononi, na akimkuta mzee wa watu ameshika mrija wa pombe saa nane mchana, alimpeleka kuchimba mtaro hata kama mtaro haukuhitajika. Ikigonga saa kumi kamili, wa kwanza kufika kwangu alikuwa yeye.

Basi siku moja sonara wa mjini aliingia kwenye kikao chetu ameshika karatasi. Tulimjua wote. Alikuwa na kibanda jirani na mafundi cherehani wa Kiislamu, akitengeneza pete, saa na miwani. Tulimwita Mhindi, naye kila mara alitusahihisha kwa upole kwamba yeye si Mhindi, ni mtu wa Siloni, kisiwa ambacho siku hizi kinaitwa Sri Lanka. Tukamjibu sawa, Mhindi wa Siloni. Walikuwa kaya tano tu: yeye na mama yake mzee, mwalimu wa hesabu na mkewe, mpima barabara, fundi wa mitambo ya pamba, na daktari wa meno ambaye sikuwahi kumsikia akitibu jino, aliyang'oa tu. Dini yao ilikuwa ya Budha. Kila mwezi ukipevuka walikusanyika sebuleni kwa sonara kusali, katikati ya saa mbovu za wateja, kila moja ikisema wakati wake.

Karatasi ilisema wanaomba kiwanja wajenge hekalu. Mwenyekiti akauliza Mungu wao anaitwa nani. Sonara, mtu mkweli hadi anakera, akasema hawana.

Mtu wee! Mzee wa kanisa aliyekuwa upande wangu wa kulia alikohoa hadi akatoka nje. Fundi cherehani upande wa kushoto alimwomba Mola msamaha kwa sauti ya chini, kana kwamba ni yeye aliyetamka. Mimi nilijitia nafunga kilemba ili nisionekane nacheka. Mwenyekiti akauliza, sasa dini yenu aliianzisha nani? Sonara akaeleza taratibu: alikuwa mtoto wa mfalme, ana majumba, farasi na watumishi, siku moja akayaacha yote, akavaa nguo ya kuokota, akachukua bakuli na kuondoka kwa miguu.

Hapo niliuona uso wa mwenyekiti ukiwaka. Alisimama. Alisema, ndugu wajumbe, mmesikia wenyewe, huyu bwana aliukataa ubwanyenye kabla hata sisi hatujapata uhuru. Kumbe ni mjamaa! Tukapiga makofi. Sonara alifungua mdomo kusahihisha, mwalimu wa hesabu akamkanyaga mguu, akaufunga.

Kiwanja wakapewa, palepale ng'ambo ya ua wangu wa minyaa. Lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kutoa kitu bila kukifunga kamba. Aliweka masharti, na katibu akayaandika kwenye daftari la shule. La kwanza, hakuna kuajiri vibarua, kwa kuwa kuajiri ni kunyonya. Hekalu lijengwe kwa nguvu za wananchi. La pili, ndani ya miezi sita pawe na kuta na paa. Wakishindwa, kiwanja na vilivyo juu yake vinarudi kwa kijiji, kwa sababu kijiji nacho kina mpango wa kujenga kilabu cha pombe, mradi wa ujamaa.

Jioni ile ile mama yake sonara alikuja kukiona kiwanja. Nilimkuta amesimama katikati ya magugu, kijimwili chake kidogo, nguo nyeupe, nywele nyeupe. Nikamsalimia shikamoo kwa Kiswahili, akaniitikia kwa Kikurya. Si Kikurya cha kuungaunga, la, Kikurya cha Genkuru kabisa, chenye kuvuta. Marehemu mumewe alikuwa fundi kwenye migodi ya zamani ya dhahabu upande ule, na yeye alijifunza kuongea kwa wanawake waliomletea maziwa. Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga hadi uzeeni.

Tulikaa juu ya kichuguu tukaongea. Akaniambia kwao mtu akiwa na mtawa, yaani mtu wa dini aliyeacha vyote, anampikia wali na kumtilia katika bakuli lake, na hilo ndilo jema kubwa ambalo mwanamke kama yeye anaweza kufanya. Tangu ashuke melini na mumewe hajalifanya. Watawa wa kwao walikuwa Dar es Salaam tu, na yeye moyo ulikuwa umechoka. Hata daktari wa misheni alikuwa amemwambia asihesabu miaka. Mtawa mmoja alikuwa ameandika barua kwamba atakuja Tarime baada ya miezi sita, mwezi ukipevuka, kuja kulibariki hekalu. Nikamuuliza, bibi, si umpikie hapo nyumbani kwa mwanao? Akatikisa kichwa. Nyumbani kwa mwanawe mtawa ni mgeni wa mwanawe. Alitaka kumtilia wali chini ya paa ambalo ni la watu wote wa dini yao, mara moja, halafu afe.

Nilimwona mtu wa ajabu kidogo. Safari yote ya maisha, halafu tamaa ya mwisho ni sahani ya wali.

Sasa, nguvu za wananchi. Kwetu Wakurya hilo si jambo la kufundishwa na semina. Tuna risaga: mtu akiwa na shamba la kulima au nyumba ya kujenga, anawaita majirani, wanakuja wote, wanafanya kazi kutwa nzima, na jioni anawapa pombe. Hakuna anayelipwa. Lakini bila pombe hakuna risaga, kama vile bila bibi harusi hakuna harusi. Na hawa watu wa Siloni, katika mambo matano wanayokatazwa na dini yao, moja ni pombe. Mtu wa kawaida angeliona tatizo hapo. Wao hawakuliona. Mwalimu wa hesabu aliingia kila boma kutangaza risaga kwa ufasaha kabisa, siku, saa, na vifaa, na neno pombe hakulitaja. Sisi tukadhani anajitia adabu.

Wanaume arobaini walifika asubuhi na majembe. Walifyeka, walichimba msingi, walikanyaga udongo hadi magotini. Saa tisa wakaoga, wakakaa kwa marika yao kungoja saa kumi, wazee mbele, kila mtu na mrija wake ameutoa kwenye ala. Akina mama wa Kisiloni wakatoka na masufuria. Chai ya maziwa. Wali, na dengu zenye pilipili za kumtoa mtu machozi.

Mzee mmoja wa rika la juu alikitazama kikombe cha chai muda mrefu sana. Alitumbukiza mrija wake ndani, akavuta, akaungua ulimi. Akakiweka chini polepole, akasimama, akasema katika umri wake wote hakuwahi kupewa chai ila siku aliyolazwa na malaria. Akaondoka, na rika lake likamfuata, kisha marika mengine kwa mpangilio. Sonara akabaki na birika mkononi, akitabasamu, akidhani wameshiba.

Risaga ya pili walikuja watu watatu. Wawili walikuwa wamepotea njia.

Mwezi mmoja ukapita, miwili. Msingi ukaanza kuota nyasi. Bibi alikuja kila jioni, akakaa kwenye kigoda chake pembeni ya msingi, akauangalia kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Siku moja, jua bado halijazama, sonara alikuja kwangu. Alipita nyuma, pale kuku wanapopita. Akasema hajaja. Nikamwambia sawa, hujaja, kaa chini. Akasema kesho kutakuwa na magunia mawili ya ulezi mlangoni kwangu, na yeye hajui ni ya nini. Nikamwambia ni ya uji. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akarudia, ni ya uji, akaondoka.

Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Mtu asiyeweza kudanganya kuhusu Mungu mbele ya kamati nzima alijifunza kudanganya kwa magunia mawili.

Nilipika amarwa, pombe yetu ya ulezi, ambayo sijaipika tena hivyo. Habari ikapita yenyewe, hapakuhitajika mwalimu wa kuitangaza. Risaga ya tatu walikuja hata wasioalikwa. Kazi iliisha saa tisa, na saa kumi kamili, mwenyekiti akiwa ameitazama saa yake, wanaume wote waliruka ua wa minyaa wakaingia kwangu. Mwenyekiti alitangulia. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa kisafi, hakuna tone lililomwagika kwenye ardhi ya Budha, na dini haikuguswa. Tuliufanya ujinga huo kwa wiki tisa. Matofali yalifyatuliwa, kuta zikapanda hadi madirishani, zikapita madirisha, zikafika juu.

Na bibi? Bibi alikaa kwenye kigoda chake ng'ambo ya ua, akitazama kuta. Mwanawe alikuwa amemwambia wanaume wanakwenda kwa jirani kunywa uji. Uani kwangu marika yalikuwa yanaimba, mtu anapiga litungu, zeze letu la Kikurya, wengine wanaruka hadi vumbi linapanda juu ya minyaa. Mara moja nilitoka nikamkuta anasikiliza. Akaniambia kwa Kikurya, taratibu, kwamba uji wangu unawafurahisha watu sana. Nikasema ndiyo, bibi, ni ulezi mzuri. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kutazama kuta zake. Nikajisemea moyoni, maskini kizee cha watu, kimeingizwa mjini na mwanawe mwenyewe.

Zikabaki wiki tatu na paa. Mabati wakati ule hayakuwa kitu cha kwenda dukani ukanunua. Yalikuja kwa mgao, na mgao ulitaka sahihi ya mwenyekiti. Sonara alikwenda, akaambiwa majengo ya dini si kipaumbele. Akaenda tena, akaambiwa mwenyekiti yuko semina. Wakasema basi wataezeka nyasi. Loo, nyasi! Mwenyekiti aliwasomea waraka wa nyumba bora: nyasi ni alama ya unyonge, marufuku kwa jengo la umma. Fundi wa mitambo akaenda na baiskeli yake hadi mpakani Sirari kutafuta mabati ya Wakenya, akarudi na baiskeli bila mabati, kisha askari wa magendo wakamnyang'anya hata hiyo baiskeli.

Miezi sita ikatimia. Kamati ikakaa. Hapa sasa ndipo ninapotaka kuruka ukurasa, lakini nimewasema wengine, acha nijiseme na mimi. Siku mbili kabla ya kikao mwenyekiti alikuwa amenipitia. Aliniambia kilabu cha kijiji kikifunguliwa kitahitaji msimamizi, mtu mwenye uzoefu, mtu anayejitegemea. Katika kikao katibu alisoma masharti kutoka kwenye daftari la shule, paa hakuna, wanaokubali kiwanja kirudi kwa kijiji wanyooshe mikono. Sonara alikuwa ameketi mlangoni, akitutazama mmoja mmoja.

Mkono wangu ulipanda. Niandike nini tena? Ulipanda.

Wiki mbili baadaye mabati yakashuka kutoka kwenye lori, mapya, yanang'aa. Kuta zile zile zikaezekwa. Katibu akaandika kwa chokaa juu ya mlango KILABU CHA KIJIJI, na chini yake UHURU NI KAZI. Nikapewa ufunguo. Nilihamisha mitungi yangu saba hatua thelathini, kutoka upande huu wa minyaa hadi upande ule, na usiniulize kama nililala vizuri.

Na mtawa? Barua ya kumzuia ilichelewa, au haikuandikwa kwa aibu, sijui. Alifika kwa basi la Musoma siku moja kabla ya mwezi kupevuka, mwanaume wa makamo, kichwa kimenyolewa, amejifunga nguo ya rangi ya manjano, viatu vya mpira wa gari kama vya kwetu. Watoto walimfuata hadi kwa mwalimu wa hesabu, alikofikia. Habari zilinifikia nikiwa nachekecha kimea. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, maana nilijua sasa bibi atapita njiani na sikutaka tuonane macho.

Hakupita. Alikuja moja kwa moja, na mwanawe nyuma yake, uso umemshuka. Bibi alikuwa amekonda. Alipumzika mara mbili kati ya lango na mlango. Nikasema shikamoo, akaitikia. Nikamvutia kiti, kile kiti changu maarufu. Akakaa, akavuta pumzi, akaniuliza, "Hicho kilabu chako kinafunguliwa saa ngapi?"

Nikasema saa kumi jioni, bibi, ni amri.

"Hata siku ya sikukuu?"

Hata siku ya sikukuu. Mwenyekiti hacheki na amri ile.

Akahesabu kwa vidole vyake vyembamba. Akasema mtawa haruhusiwi kula chochote baada ya saa sita mchana. Ni lazima ale asubuhi. "Kwa hiyo hatutagongana," akasema. "Nipe ufunguo wa asubuhi."

Nilijaribu kuzungumza. Nilitaka kumwambia mle ndani si mahali, mitungi imejaa, nilitaka kumwambia mkono wangu ulipanda, nilitaka kumwambia vitu vingi. Sonara alikuwa ameangalia chini. Kizee kilinyoosha kiganja tu, kikangoja. Nikautoa ufunguo kifuani nilikouficha, nikauweka.

Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya kilabu na majivu na ndoo. Nilisugua. Nilitawanya majani ya limau, nikachoma majani makavu ya mkaratusi hadi nikatokwa machozi. Mitungi saba ilikuwa imeshachacha, mizito, isingehamishika. Niliisukuma pembeni, nikaifunika majani ya mgomba, na juu yake nikatandaza khanga zangu mbili nzuri. Wapi! Pombe ina ukaidi wake. Harufu ilikuwa kwenye udongo wa kuta zenyewe.

Wakaja wote, kaya tano, wamevaa nyeupe kutoka juu mpaka chini. Walitandika mkeka, wakaweka taa ndogo ya mafuta na maua ya mwituni kwenye kopo la maziwa. Mtawa akaketi ukutani, mahali wanapokaa wazee wa rika la juu. Nilitaka kuondoka, bibi akanionyesha pa kukaa, karibu na mlango. Wakaanza kuimba kitu chao, taratibu, sauti moja ya chini inayokwenda mbele na kurudi. Na kila walipovuta pumzi, katika ule ukimya, mitungi yangu ilisikika chini ya khanga: bwaku, bwaku, bwaku. Daktari wa meno alifumba macho kwa nguvu. Mke wa mwalimu alikuwa anatetemeka mabega, na sikujua kama ni kilio au kicheko.

Walipomaliza, bibi akasimama. Wali alikuwa ameupika mwenyewe, alikataa kusaidiwa. Akapiga hatua moja, akapumzika, nyingine, akafika. Mtawa alikuwa amelishika bakuli mikononi, lakini badala ya kulinyoosha alinyanyua uso, akanusa hewa. Akanusa tena. Akauliza neno kwa lugha yao. Sonara alibadilika rangi. Akageuka kuitazama khanga yangu kama mtu anayeomba imfunike na yeye.

Bibi ndiye aliyejibu. Maneno machache tu, bila kupandisha sauti. Mtawa akamtazama, akaitazama mitungi, akanitazama mimi pale mlangoni, na akalinyoosha bakuli. Bibi akatia wali. Punje chache zikamdondoka mkekani na sakafuni. Akatia mwingine, hadi likajaa.

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kikurya, ili mimi peke yangu nielewe, "Ameuliza hii ni harufu ya nini. Nimemwambia ni ya watu waliotujengea."

Nikabaki nimekodoa macho. Nikamuuliza, bibi, ulijua?

"Niliishi Genkuru miaka ishirini," akasema. "Uji hauchezishi watu litungu." Akakaa chini taratibu, akakunja mikono mapajani, na akamtazama mtawa anavyokula, tonge kwa tonge, hadi la mwisho. Ilikuwa bado saa tano na nusu.

Nami mpika pombe, mjumbe wa kamati, mwenye ulimi wa kumcheka kila mtu, nililia pale mlangoni kamasi zikanitoka, bila kitambaa, kwa sababu khanga zangu zote mbili zilikuwa juu ya mitungi.

Hivyo ndivyo walivyopata hekalu lao, kwa anayetaka kujua. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Sonara alichonga nakala ya ufunguo kwa shaba, na kila mwezi ukipevuka, asubuhi hadi saa sita, jengo lilikuwa lao. Saa kumi lilikuwa letu. Bibi hakuufikia mwezi uliofuata. Mwili wake waliuchoma moto, kama desturi yao, na wanaume walewale wa risaga walikata kuni na kuzibeba mabegani hadi mtoni. Jioni hakuna aliyekuja kuniuliza pombe.

Lakini siku ile ya wali, saa kumi kamili, nilifungua kilabu kama kawaida. Mwenyekiti aliingia wa kwanza na mrija wake. Akauliza kwa nini sakafu imelowa, nikamwambia nimesafisha, akasema vizuri, huo ndio usafi wa kijamaa. Akaenda kuketi ukutani, palepale alipokaa mtawa. Punje mbili za wali zilikuwa bado zipo sakafuni.

Nikamwambia, "Hapo pana mwenyewe."

Akacheka. Aliponiona sicheki, akainuka, akahamia benchi la mlangoni, ananitazama kwa wasiwasi. Nikachota pombe, nikaitia kwenye chungu chake, nikamwekea mbele. Nilimpunja, akaona, akainamia mrija wake.